Irabu "Ndefu" Zisizo Ndefu: Sauti za Herufi za Kiingereza kwa Mtoto Aliyeanza na Kiswahili

Mkanganyiko ulipo

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi, mzazi anayekaa na mwanawe jioni kuangalia kazi za shule hukutana na swali ambalo hata yeye hakuwahi kufundishwa jibu lake: herufi A inaitwa "a" au "ei", na mtoto akiikuta ndani ya neno la Kiingereza, aitamke kwa sauti ipi kati ya hizo mbili? Daftari lina kichwa cha somo kinachosema "irabu ndefu", chini yake pamechorwa keki na geti, na mzazi aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili hushangaa kuona kwamba katika maneno hayo hakuna irabu iliyovutwa popote. Mwalimu naye, ambaye alisoma fonetiki chuoni, anakumbuka kuwa irabu ndefu za Kiingereza ni zile za maneno kama "car", "bird" na "sheep", ilhali kitabu kilicho mkononi mwake kinazitaja kuwa ni za "cake", "bike" na "home". Wote wawili wako sahihi, kwa kuwa mwanafonetiki na mtunzi wa kitabu cha watoto wanatumia jina moja kwa makundi mawili tofauti ya sauti, na mzigo wa tofauti hiyo anatwishwa mtoto wa miaka sita.

Uchambuzi huu unafuatilia chanzo cha mkanganyiko huo, unapima njia zinazoshindana za kufundisha sauti za herufi, kisha unaeleza kwa nini njia iliyobuniwa kwa ajili ya mtoto anayezungumza Kiingereza tangu utotoni haiwezi kuhamishwa nzima nzima hadi kwa mtoto anayekutana na lugha hiyo darasani, huku tayari akijua, au akiwa njiani kujua, kusoma Kiswahili.

Herufi zilibaki, sauti zikahama

Mwandiko wa Kiswahili kwa herufi za Kilatini ni mchanga ukilinganishwa na ule wa Kiingereza, na uchanga huo umekuwa baraka kwa wanafunzi wake. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, alizipa irabu tano thamani zilizo karibu na za Kiitaliano na konsonanti akaziacha zifuate Kiingereza kwa kadiri ilivyowezekana. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasanifu tahajia juu ya msingi wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo, mtoto akishazijua irabu tano na namna ya kuziunganisha na konsonanti, anaweza kusoma karibu neno lolote la Kiswahili hata kama hajapata kulisikia, na pale irabu inapotakiwa kuvutwa, tahajia humwambia waziwazi kwa kuandika herufi mara mbili, kama inavyoonekana katika tofauti kati ya "kufa" na "kufaa". Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, irabu ndefu ni irabu ileile iliyodumu zaidi, na sikio linaweza kuupima urefu huo.

Kiingereza nacho kilikuwa hivyo zamani. Katika enzi za mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, neno "name" lilitamkwa kwa "a" iliyovutwa ikifuatwa na "e" hafifu, kiasi kwamba matamshi yake yalikuwa karibu zaidi na "naame" ya Mswahili kuliko na "neim" ya Mwingereza wa leo. Kisha, tangu karne ya 15 hadi kufikia mwaka 1700 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama kinywani: iliyokuwa "aa" ikapanda hadi "ee" na hatimaye ikawa "ei", iliyokuwa "ee" ikawa "ii", na "ii" yenyewe, ambayo haikuwa na mahali pa kupanda tena, ikapasuka ikawa "ai". Mwanaisimu wa Denmark Otto Jespersen ndiye aliyeyapa mageuzi hayo jina lao, ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa Mhamo Mkuu wa Irabu. William Caxton alifungua matbaa yake Westminster mwaka 1476, mhamo ukiwa bado njiani, na kadiri vitabu vilivyoenea ndivyo tahajia ilivyozidi kuganda huku sauti zikiendelea na safari yake. Irabu fupi hazikuhama kwa kiasi hicho, hivyo sauti mbili zilizokuwa ndugu, zikitofautiana kwa muda tu, zikaishia kuwa sauti mbili zisizofanana ambazo bado zinashiriki herufi moja. Ile "e" ya mwisho ilinyamaza lakini haikuondolewa. Ikawa alama ya kumjulisha msomaji kwamba irabu iliyotangulia ni ya lile kundi lililohama. Katika uchambuzi huu alama hiyo inaitwa "e bubu".

Historia hii ina faida ya moja kwa moja darasani. Mtoto wa darasa la pili anayeliangalia neno "name" na kusoma "na-me" hajafanya uzembe. Amesoma kwa usahihi mwandiko ambao wenyewe waliacha kuufuata karne nyingi zilizopita. Tena baadhi ya maneno humtega bila yeye kujua kuwa yuko katika lugha nyingine. Kwake yeye "pale" ni mahali, "pole" ni neno la kumfariji aliyepatwa na jambo, "wake" ni wa mtu fulani, "mate" yamo kinywani, "kale" ni zamani, na "Same" ni mji wa Kilimanjaro unaopitwa na mabasi ya Moshi na Arusha. Maneno hayo sita, herufi kwa herufi, ni maneno ya Kiingereza pia, na yote sita yana e bubu. Mwalimu anayeandika "pole" ubaoni bila kusema kwanza kwamba sasa darasa limeingia katika Kiingereza anamuuliza mtoto swali lenye majibu mawili sahihi, kisha anampa alama ya kosa kwa kuchagua mojawapo.

Hata katika Kiingereza cha leo urefu wenyewe si kipimo cha kutegemewa. Irabu ya "bead" hudumu zaidi kuliko ya "beat", ingawa vitabu vinaziita zote ndefu, kwa sababu konsonanti inayofuata ndiyo inayoirefusha au kuifupisha; na irabu ya "bid", inayoitwa fupi, inaweza kudumu karibu sawa na ile ya "beat". Mtoto aliyeambiwa asikilize urefu atausikia, lakini utampeleka pasipo.

Sikio lenye irabu tano

Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti 44 hivi, na takriban 20 kati yake ni irabu, zikiwemo diftongi, yaani irabu mbili zinazotamkwa kwa mtelezo mmoja. Sauti zote hizo zinaandikwa kwa herufi 26. Kiswahili kina irabu tano kwa herufi tano. Sikio lililokulia katika mfumo wa irabu tano huzipanga sauti ngeni katika vyumba vitano lilivyonavyo, hivyo "hat", "hut", "heart" na "hurt" huingia zote katika chumba cha "a", na "ship" na "sheep" hukutana katika chumba cha "i". Ushahidi wa upangaji huo umo katika maneno ya kukopa: "bus" ikawa basi, "shirt" ikawa shati, na kila moja ikapewa irabu ya mwisho kwa kuwa silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu.

Maneno ya kukopa yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi ya hapo, kwa kuwa yanaonyesha ni irabu "ndefu" zipi ambazo sikio la Kiswahili huzitenganisha na zile fupi na zipi ambazo huzichanganya. "Cake" na "gate" ziliingia kama keki na geti. "File", "mile" na "fine" zikawa faili, maili na faini. "Tube" ikawa tyubu. Katika makundi hayo matatu Mswahili amesikia vizuri kwamba sauti imebadilika: "a" imekwenda "e", "i" imekwenda "ai", "u" imekwenda "yu". Mtoto anayesema faini na geti kila siku tayari anayo kinywani kanuni ya e bubu, ingawa hakuna aliyemwonyesha kwamba anayo.

Kwa irabu "o" hali ni nyingine. "Box" ikawa boksi na "boat" ikawa boti, "sock" ikawa soksi na "coat" ikawa koti. Fupi na ndefu zimeingia chumba kimoja, na jozi ya "not" na "note", ambayo vitabu huipenda kwa kuonyesha kazi ya e bubu, hugeuka "noti" mbili zisizo na tofauti. "E" nayo ina ugumu wake, kwa maana "met" na "meet" hutengana kirahisi, lakini "meet" hiyo hiyo hugongana na "mitt", kama vile "sheep" inavyogongana na "ship". Kwa hiyo irabu tano zinazofundishwa kama somo moja, mara nyingi kwa wiki tano zilizogawanywa sawasawa, si matatizo matano yenye uzito sawa. Tatu ni nyepesi kwa msikilizaji wa Kiswahili na mbili ni nzito, na mpangilio wa kitabu kilichotungwa London au Chicago hauwezi kulijua hilo.

Misimamo inayoshindana

Msimamo wa kwanza, ulio mkongwe na unaopendwa na wazazi wengi, ni kuanza na majina ya herufi: mtoto aimbe "ei, bii, sii" kabla ya lolote. Nguvu yake ni kwamba majina ni machache, yanaimbika, na kwa mtoto wa Kiingereza majina mengi hubeba ndani yake sauti ya herufi, jambo ambalo mtafiti wa Marekani Rebecca Treiman amelionyesha kwa kina. Tena majina ya herufi za irabu ndiyo sauti zenyewe zinazoitwa ndefu, hivyo mwalimu anaweza kusema kwamba katika "cake" herufi A inataja jina lake. Kwa mtoto wa Kiswahili, hata hivyo, majina hayo huanguka juu ya majina mengine. Herufi E inaitwa "ii", ambayo kwake ni sauti ya herufi I. Herufi I inaitwa "ai", ambayo kwake ni irabu mbili. Na A inaitwa "ei", iliyo jirani na E yake. Katika imla ya herufi, mwalimu akitamka "ii", mkono wa mtoto huandika I bila kusita, na mkono huo haujakosea kwa kadiri ya yale uliyofundishwa asubuhi hiyohiyo katika kipindi cha Kusoma. Mgongano huu hutokea kwa irabu, kundi lilelile ambalo makosa yake huharibu kila neno.

Msimamo wa pili ni kufundisha maneno mazima kwa kuyatazama na kuyakariri sura. Ulitawala Marekani katikati ya karne ya 20, ukashambuliwa na Rudolf Flesch katika kitabu chake cha mwaka 1955, ukapimwa kwa utulivu zaidi na Jeanne Chall mwaka 1967, na ukarudi kwa sura nyingine pale Ken Goodman, mwaka huohuo wa 1967, alipoeleza kusoma kuwa ni kubashiri kwa kutumia maana ya sentensi. Kwa maneno machache yasiyofuata kanuni, kama "one" na "said", kukariri hakuepukiki. Ila kubashiri kunahitaji kitu cha kubashiria, na mtoto asiye na msamiati wa lugha hiyo hana. Msimamo huu hauhitaji kujadiliwa zaidi katika muktadha wa Afrika Mashariki, ingawa bado unaishi katika kila darasa ambalo watoto huitikia kwa pamoja sentensi ya ubaoni ambayo hakuna hata mmoja wao anayeweza kuisoma ikifutwa na kuandikwa upya kwa mpangilio mwingine.

Msimamo wa tatu ni foniksi, yaani kufundisha kwa mpango sauti ya kila herufi au kundi la herufi, kisha kuziunganisha sauti hizo ziwe neno. Nchini Marekani jopo la kitaifa la usomaji lilichambua tafiti 38 za foniksi na kutoa ripoti mwaka 2000 iliyounga mkono njia hiyo. Uingereza, ripoti ya Jim Rose ya mwaka 2006 ilipendekeza foniksi ya kuunganisha, ambapo mtoto hujenga neno kwa kuanzia sauti moja moja, na tangu mwaka 2012 watoto wa darasa la kwanza huko hupimwa kwa maneno 40, nusu yake yakiwa ya kubuni, ili kuona kama wanasoma au wamekariri. Ubishi haujaisha. Jeffrey Bowers aliandika mwaka 2020 kwamba ushahidi wa ubora wa foniksi juu ya njia nyingine ni dhaifu kuliko unavyotangazwa, na Dominic Wyse na Alice Bradbury wakadai mwaka 2022 kwamba sera ya Uingereza imeegemea foniksi kupita kiasi na kuitenga na usomaji wa vitabu halisi. Ugumu wa Kiingereza chenyewe ni sehemu ya ubishi huo: utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa mwaka 2003, uliolinganisha lugha kadhaa za Ulaya, ulikuta kwamba watoto wa lugha nyingi zenye tahajia nyoofu walisoma kwa usahihi zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa shule, ilhali watoto wa Scotland wanaosoma Kiingereza walifikia theluthi moja hivi.

Jambo ambalo hutajwa mara chache zaidi ni kwamba jopo la mwaka 2000 halikushughulikia watoto wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Jopo jingine, lililoongozwa na Diane August na Timothy Shanahan, ndilo lililowaangalia watoto hao na kutoa ripoti mwaka 2006: sauti za herufi huwasaidia nao pia, lakini hazitoshi, kwa kuwa usomaji wenye kuelewa hukwama pale ambapo lugha ya mazungumzo haijakua. Sababu yake inaeleweka kirahisi. Mtoto wa Leeds akiunganisha sauti za "boat" hufika kwenye neno analolijua tangu akiwa na miaka miwili, na kulitambua huko ndiko kunakomthibitishia kwamba ameunganisha sawasawa. Akikosea kidogo, maana humrudisha njiani. Mtoto wa Dodoma akiunganisha sauti zilezile hufika mahali patupu. Kwake karibu kila neno la Kiingereza ni neno la kubuni, na mtihani ambao Uingereza umetengwa kwa nusu ya maswali ndio kwake mtihani wa kila siku.

Msimamo wa nne hauna watetezi wa kitaaluma wengi lakini ndio unaotendeka zaidi: kuhamisha njia ya silabi ya Kiswahili, "ba, be, bi, bo, bu", hadi Kiingereza. Kwa Kiswahili njia hiyo inafaa sana kwa sababu silabi zake nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Kwa Kiingereza inaleta hasara mbili. Ya kwanza ni kwamba konsonanti haipati kusimama peke yake, na neno "bat" hujengwa "ba-a-ta", likatoka "bata". Ya pili ni kwamba silabi "ba" inamfunga mtoto kwenye thamani moja ya "a", na siku ya kukutana na "bake" inabidi abomoe alichojenga. Pamoja na hasara hizo, mtoto wa silabi analo jambo ambalo mtoto wa kukariri hana: anaamini kwamba herufi zina sauti na kwamba sauti zikiunganishwa hutoa neno. Imani hiyo ni nusu ya safari, na ni makosa kuidharau.

Lugha zote mbili kwa pamoja, au moja baada ya nyingine

Juu ya misimamo hiyo kuna suala la wakati. Tanzania, kwa mtaala wa mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili, iliweka uzito wote katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, ili msingi wa usomaji ujengwe katika lugha ambayo mtoto anaielewa. Kenya ilichukua njia ya sambamba: mradi wa Tusome, ulioenezwa nchi nzima tangu mwaka 2015, ulifundisha sauti za herufi katika Kiswahili na Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, kwa kitabu kimoja kwa kila mtoto, miongozo ya mwalimu ya kila somo, na maofisa wa elimu waliowatembelea walimu wakiwa na vishikwambi. Shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza katika nchi zote mbili huanza na Kiingereza tangu chekechea, na baadhi hutumia vitabu vya foniksi kutoka Uingereza, kama Jolly Phonics, inayofundisha sauti 42 na kuziingiza irabu ndefu mapema kupitia makundi kama "ai", "oa" na "ee".

Kuanza na Kiswahili kuna faida ya kumpa mtoto ushindi wa mapema, na stadi ya kuunganisha sauti ikishapatikana katika lugha moja haihitaji kufundishwa upya katika nyingine. Gharama yake ni kwamba thamani za irabu za Kiswahili huganda, na zikishaganda, e bubu huonekana kama ukiukaji wa sheria. Njia ya sambamba huzuia mgando huo, lakini humdai mtoto atenganishe mifumo miwili kabla ya kuumiliki hata mmoja, na humdai mwalimu awe hodari wa yote miwili katika darasa ambalo huenda lina watoto wengi kuliko madawati. Kwa mizani ya uchambuzi huu, mpangilio wa Kiswahili kwanza una uzito zaidi, ilimradi Kiingereza cha kusikia na kusema, bila maandishi, kianze mapema, kwa nyimbo, maagizo na picha, ili mtoto atakapofika kwenye herufi za "boat" asifike mahali patupu.

Kanuni zinazofaa na zisizofaa

Walimu wengi hutegemea kanuni mbili za irabu ndefu. Ya kwanza ni ya e bubu, na ya pili husema kwamba irabu mbili zikikaa pamoja, ya kwanza hutaja jina lake na ya pili hunyamaza, kama katika "rain" na "boat". Theodore Clymer alizipima kanuni hizo mwaka 1963 dhidi ya maneno yaliyokuwemo katika vitabu vya watoto vya Marekani, na akakuta kwamba ya e bubu ilikuwa kweli kwa asilimia 63 ya maneno iliyohusika nayo na ya irabu mbili kwa asilimia 45 tu. Kanuni inayokosea zaidi ya mara moja katika kila mbili haistahili kuimbishwa watoto, na mtoto wa Kiswahili huathirika nayo zaidi kwa kuwa amezoea tahajia isiyodanganya. Lililo bora ni kufundisha kila jozi kama kundi linalojitegemea: "ai" na "oa" ni waaminifu, "ea" ina tabia mbili au tatu, na "ou" isubiri.

Kanuni ya e bubu inastahili kubaki, kwa sharti kwamba watoto waelezwe mapema kundi lake kubwa la walioasi. "Have", "give", "live" na "love" zina "e" mwishoni kwa sababu Kiingereza hakipendi neno liishie na herufi "v", na hapo "e" hiyo haisemi lolote kuhusu irabu iliyotangulia. Maelezo hayo ya sentensi moja humwondolea mtoto hisia kwamba lugha imemdanganya, na yanagharimu dakika mbili.

Kupima uzito

Mambo yote yakiwekwa mezani, foniksi ndiyo njia yenye ushahidi mkubwa zaidi, lakini kwa mtoto wa Kiswahili inahitaji kubadilishwa mpangilio, majina na matarajio. Kuhusu mpangilio, konsonanti ndizo mtaji. Herufi kama b, d, f, k, l, m, n, p, s, t na z zina thamani zilezile au karibu sana, na mtoto anayetofautisha "thamani" na "dhahabu" anazo tayari sauti mbili za "th" za "thin" na "this", ambazo wanafunzi wa mataifa mengi huzihangaikia kwa miaka. Muda unaookolewa hapo utumike kwa irabu fupi na kwa konsonanti ya mwisho isiyofuatwa na irabu. Irabu ndefu zifuate baadaye, na zianze na ile ya "i", kwa kuwa umbali kati ya "fin" na "fine" husikika na kila sikio la Kiswahili. Kisha "a" ya "cap" na "cape", kisha "u" ya "cut" na "cute". "O" na "e" zisubiri hadi mtoto awe amesikia Kiingereza cha kutosha.

Kuhusu majina, istilahi ya urefu iachwe kwa walimu na vitabu vyao vya rejea, na ukutani mwa darasa yaandikwe majina ambayo mtoto anaweza kuyatamka na kuyakumbuka: "i ya faili", "a ya keki", "u ya tyubu". Daraja hili la maneno ya kukopa lina udhaifu ambao haufai kufichwa. Keki ina "e" iliyo karibu mno na ile ya "peni", na mtoto atakayebaki darajani atasema "wet" na "wait" kwa sauti moja. Ila kosa hilo ni dogo kuliko la kusoma "wake" kana kwamba ni neno la Kiswahili, na hurekebishika kadiri sikio linavyokua, ilhali mtoto aliyekata tamaa na usomaji katika darasa la pili ni vigumu sana kumrudisha.

Linalobaki ni suala la mwalimu mwenyewe. Walimu wengi wa Afrika Mashariki hutamka "ship" na "sheep" kwa namna moja, na Kiingereza chao ni lahaja halali inayoeleweka bungeni, mahakamani na vyuoni. Kuwataka waige lafudhi ya London mbele ya watoto ni kuwavunjia heshima na kuwapotosha watoto. Video za Marekani zinazotumiwa kujaza pengo hilo huleta tatizo jingine, kwa kuwa "o" ya "hot" hutamkwa humo karibu na "a", na "hot" ya video haifanani na "hot" ya mwalimu wala ya mtihani. Mwalimu asiyetofautisha "ship" na "sheep" kwa mdomo anaweza bado kuitofautisha kwa jicho na kwa maana: "ee" mbili za "sheep" zichorewe masikio mawili ya kondoo, "i" moja ya "ship" ichorwe kama mlingoti wa meli, na watoto waandike kila moja chini ya picha yake mpaka mkono uzoee. Na pale inapopatikana redio au simu yenye sauti iliyorekodiwa na msemaji wa Afrika Mashariki anayezitenganisha jozi hizo, dakika tano za kusikiliza na kunyoosha kidole kwenye picha sahihi, kabla ya mtoto kudaiwa aseme chochote, zitalipa sikio nafasi ambayo kwa sasa karibu hakuna ratiba inayoitenga.